Kidole cha Nani?

Kama gazeti la wiki jana lilikuponyoka likaenda kufungia mtu dagaa wa omena, usijali. Nitakurudisha njiani kwa haraka, maana leo sina pumzi ya kupoteza.

Mimi ni Lornah. Nilifukuzwa kazi ya mapokezi katika kliniki moja mjini Kisumu kwa kumwambia mwenye kliniki ukweli mbele ya wagonjwa wake. Nikafungua ofisi yangu Kibuye, juu ya duka la viatu vya mitumba, nikaiita Kazi Inayokufaa. Nawatafutia kazi wageni wenye ujuzi waliokimbilia mji huu: mhandisi wa Burundi anayeuza mayai ya kuchemsha, mwalimu wa hesabu kutoka Juba anayefungua geti la watu. Inaniuma kuona mtu aliyesoma hivyo akibeba mchanga kwa sababu tu hajui amwone nani. Hasira hiyo ndiyo iliyonifungulia ofisi, na ndiyo iliyonifikisha mahali nilipo leo.

Wiki jana niliwaacha nikiwa nje ya studio ya redio moja ya hapa mjini. Ndani alikuwa Daktari Cikuru, mpasuaji kutoka Bukavu, Kongo. Nilimkuta mtaani Nyalenda akisukuma mkokoteni wa maji. Nilimwombea nafasi kwenye kipindi cha wanaotafuta kazi, nikitumaini kliniki fulani itamsikia na kumchukua afanye kazi chini ya daktari mwingine, mpaka baraza la madaktari limpe kibali.

Nilipaswa kukaa ndani naye. Lakini mama yangu alipiga simu, kama anavyopiga kila ninapokaribia kufanikiwa, nikatoka nje kumsikiliza akinilaumu kuhusu ndoa. Nilipomaliza, Cikuru alikuwa anateremka ngazi akitabasamu.

"Ilienda aje, Daktari?"

"Ilienda muzuri sana, Mama Lornah. Nilibaeleza kazi yangu yote."

Basi. Sikuuliza zaidi.

Siku iliyofuata simu yangu ililia kabla sijafungua dirisha la ofisi.

"Wewe ndiye Lornah wa kutafutia wageni kazi?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Zadock Odongo, wa samaki, huku Seme. Wewe ndiye ulituletea yule msichana wa Sudan."

Nilisimama. Ningemsahau vipi Nuha? Alitoka Khartoum na shahada ya usalama wa chakula, na familia hii yenye vizimba vya samaki ziwani ilikuwa inatafuta mtu wa kupima samaki kabla hawajauzwa. Niliongea na dada yake Zadock kwa simu, tukaelewana, Nuha akaenda. Alikuwa ndiye fahari ya ofisi yangu. Kila mteja mpya nilimwambia habari zake.

"Nuha! Anaendeleaje na maabara?"

"Ako," alisema Zadock.

Akaruka moja kwa moja kwenye jambo lake.

"Nimesikia mganga wako kwa redio," akasema. "Ni ukweli anatoa vitu kwa tumbo?"

Hapo, wenzangu, furaha ilinizibia masikio. Nilisikia neno mganga, ndiyo. Lakini nilijiambia mzee huyu amekulia kwa redio ya Tanzania, kule wanakosema mganga mkuu wa wilaya wakimaanisha daktari mkubwa. Hata nikamsifu moyoni kwa Kiswahili kizuri.

"Mzee, hiyo ndiyo kazi yake. Huko kwao ametoa mpaka risasi."

"Mpaka risasi?"

"Mpaka risasi. Na mtu anaamka anaomba uji."

"Kuku atataka mweusi ama mweupe?"

"Mzee, huyo hana maneno mengi. Kuku yeyote tu."

"Sawa. Nitaleta gari. Msichana wangu ni mgonjwa, aanze na huyo. Nikiona kazi yake ni safi, nitamjengea nyumba ya kufanyia kazi hapa hapa kwangu. Watu watatoka mpaka Bondo."

Nyumba ya kufanyia kazi! Nilikata simu nikacheza ngoma peke yangu mpaka mwenye duka la viatu akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio.

Gari lilikuja na dereva kijana aitwaye Calvince. Cikuru alikuwa amevaa shati lake jeupe, lile moja alilovuka nalo mpaka. Alimnyooshea dereva mkono. Calvince alitazama ule mkono, akaingiza wake mfukoni.

"Pole, Bwana," alisema. "Mimi niko na watoto wadogo."

Cikuru alinitazama. Nami nikadhani kijana ana mafua, hataki kuambukiza. Ndivyo nilivyokuwa mjinga siku hiyo.

Njia nzima Calvince hakuinua macho kwenye kioo cha kati. Tulipopita soko la Kombewa alifungua redio, nyimbo za kanisa, akapandisha sauti.

Boma la Zadock liko karibu na maji. Tulipoingia nilikuta viti vya plastiki vimepangwa uwanjani na watu wamekaa, wafanyakazi wa vizimba, majirani, akina mama wa kanisa, kimya, utadhani kuna matanga. Lakini hakukuwa na hema wala jeneza. Kwenye bomba la tangi la maji kulikuwa na kuku mweusi aliyefungwa mguu.

"Banatutayarishia kuku," Cikuru alininong'oneza, akafurahi.

Nilifurahi pia. Nilikuwa sijala.

Zadock alikuja kutupokea. Ni mtu mrefu, mwenye koti la suti na malapa miguuni, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Nyar Gem," alisema, akiniita binti wa kwetu Gem, "karibu. Huyu ndiye?"

"Ndiye huyu, Mzee. Sasa kliniki itajengwa wapi?"

"Kliniki gani?"

Kabla sijajibu, mwanamke alitoka mlangoni akifuta mikono kwa leso. Alikuwa Dorca, dada yake, yule niliyezoea kumsikia kwenye simu. Sauti ilikuwa tamu kule kwenye simu. Hapa alikuwa anatazama vidole vya Cikuru, kimoja kimoja.

"Mtoto anaumia," alisema. "Ingieni mfanye kazi. Hiyo story ingine baadaye."

Tuliingia. Sebuleni kulikuwa na msichana akileta maji ya kunawa, aproni kiunoni, kitambaa kichwani, macho chini. Alipoinua uso nilimtambua.

"Nuha?"

"Mama Lornah."

"Kwa nini unashika beseni? Maabara iko wapi?"

"Maabara hakuna," alisema polepole kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza. "Tangu kwanza hakuna. Mimi jiko."

"Na mbona hukunipigia?"

Alimtazama Dorca haraka, akashusha macho. "Simu yangu Mama Dorca ameweka kwake."

Nilikuwa nimempigia Nuha simu mara nyingi isipokelewe. Nilijiambia kazi ya maabara ni nyingi, ana shughuli. Nilijiambia hivyo kwa sababu lilikuwa jambo tamu kujiambia. Sasa nilimgeukia Dorca, na naapa ningemrukia pale pale, lakini chumbani mtoto alipiga kelele moja iliyotunyamazisha wote.

Cikuru alikuwa ameshaingia.

Winny, binti wa pekee wa Zadock, wa kidato cha tatu, alikuwa amejikunja kwenye godoro, magoti kifuani. Jasho lilikuwa limeloanisha mto. Cikuru alipiga goti kando yake, na nikaona mtu niliyemjua akisukuma mkokoteni akigeuka mtu mwingine. Hata sauti yake ilibadilika.

"Mutoto, maumivu ilianzia wapi?"

"Kwa kitovu. Halafu ikashuka hapa."

"Umetapika?"

"Sana."

"Ulikula nini?"

"Mboga ya kuteleza."

"Ni nani alikupikia?"

Hilo ni swali ambalo daktari yeyote huuliza. Nilipokuwa mapokezi nilisikia madaktari wakiliuliza kila siku, kuhara hapa, kutapika pale. Lakini chumba kikawa kimya. Nje ya dirisha, kelele ndogo za viti vya plastiki zikakoma pia.

"Sema, nyathina, mtoto wangu," Dorca alisema kwa upole mwingi. "Mganga amekuuliza. Sema kwa nguvu."

Winny alifumba macho. "Ni Nuha."

Mtu dirishani alilirudia lile jina kwa walio nyuma yake, nao wakawapa wa nyuma yao. Nilisikia likitembea uwanja mzima.

Cikuru hakuona lolote. Alikuwa na tumbo la mtoto, basi. Aliweka vidole upande wa kulia, chini, akabonyeza taratibu, kisha akaachilia ghafla. Winny alipiga yowe.

Cikuru alinigeukia, uso umekauka. "Mama Lornah, ni *appendicite*. Mu Kiswahili cha kwenu munaita aje?"

Na mimi, mama wa mapokezi, mwenye kujivunia Kiswahili changu cha shule, nikamjibu kwa sauti ili kila mtu ajue kwamba nami ni msomi:

"Kidole tumbo!"

"Njo ile," alisema, akamgeukia Zadock. "Baba, mutoto iko na kidole mu tumbo. Kimeanza kuoza. Kinapashwa kutoka leo."

Zadock alishika fremu ya mlango. "Kidole iko ndani ya tumbo ya mtoto wangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Umeiona?"

"Nimeisikia na mukono."

Dorca alisogea mbele. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Kidole ya nani?"

Hapo ndipo kila kitu kilipowaka kichwani mwangu kwa wakati mmoja. Kuku mweusi. Mkono wa Calvince mfukoni. Viti vilivyopangwa. Watu waliokuja kusikia jina likitajwa.

"Daktari," nilisema, "kule redioni ulisema wewe ni nani?"

"Nilisema mi niko munganga. Napasua bantu, natoa bitu bibaya mu tumbo."

"Kwenu munganga ni nani?"

Alinishangaa. "Munganga ni munganga. Ule wa hospitali. Kwenu ni nani?"

Kwetu, jamani! Kwetu mganga ni yule ambaye namba yake imebandikwa kwenye nguzo za stima, anayerudisha wapenzi na kufichua maadui. Kwetu, mtoto akiumwa tumbo baada ya kula, wapo wanaosema ametazamwa na mwenye sihoho, jicho baya linaloingiza vitu tumboni kupitia chakula. Anaitwa mtu wa kuvitoa. Akishavitoa, anaulizwa ni nani aliyeviweka. Nami nilikuwa nimemletea Zadock mtu aliyetangaza hewani kwamba hiyo ndiyo kazi yake, nikamthibitishia kwa mdomo wangu kwamba ametoa mpaka risasi.

"Mzee," nilisema, "tumekosa kuelewana kwa neno moja. Huyu si mganga. Ni daktari. Daktari wa kusoma, wa kupasua. Kwao Kongo daktari ndiye anaitwa munganga. Na kidole tumbo ni sehemu ya mwili, kila mtu anazaliwa nayo, mimi niko nayo, wewe uko nayo!"

"Nilikuuliza kwa simu," Zadock alisema. "Nilikuuliza, anatoa vitu kwa tumbo? Ukasema ndiyo."

"Anatoa kwa operesheni, Mzee!"

"Nilikuuliza kuku."

Kuhusu kuku, alisema kweli.

"Wacha awe daktari," Dorca alisema. "Hata daktari ana macho. Yeye mwenyewe ameuliza nani alipika, na mtoto akajibu. Yeye mwenyewe amesema kidole. Hatukumfundisha." Akatoka, akaenda jikoni, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Alilifungua mbele ya dirisha ili walio nje waone. Ndani mlikuwa na unga wa kijani. "Na hii ni nini? Hii anatia kwa mboga kila siku, akidhani sisi ni vipofu."

Nuha alikuwa amesimama kwenye kona na beseni lake tupu. "Bamia," alisema. "Bamia kavu. Sisi Sudan tunasaga, tunapika. Chakula tu."

"Bamia ni unga?"

Nuha aliweka beseni chini, akachukua kopo, akachota kwa mkono, akatia mdomoni. Akatafuna na kumeza, machozi yakimtoka. Niliomba moyoni kwamba iishe hapo.

Mwanamume mmoja dirishani akasema, "Mnaona? Yeye haimshiki."

Chochote ambacho msichana huyu angefanya kingekuwa ushahidi.

Cikuru alikuwa ameinuka. Sidhani alielewa yote, lakini alielewa ya kutosha. Alimwendea Zadock akamshika mikono yote miwili, namna mtu anavyoomba.

"Baba, hiyo maneno ingine tutasema kesho. Hiki kitu kikipasuka mu tumbo, hata mimi, hata ule mwingine wa hirizi, hakuna wa kumurudisha. Mi sina chombo, sina kibali. Hospitali iko pale Kombewa, tumepita mbele yake. Tuende mbiyo."

"Hapana," Zadock alisema.

"Baba..."

"Mama yake alienda hospitali kwa miguu yake. Alikuwa anacheka. Akarudi kwa sanduku. Nilitafuta mganga ndio nisiende huko tena. Sasa unaniambia niende huko?"

Nilimhurumia. Sikutaka, lakini nilimhurumia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeogopa mlango wa hospitali kuliko kitu chochote duniani, na mimi nilikuwa nimempa njia ya kuukwepa.

Kilichomshinda hakikuwa maneno yangu wala ya Cikuru. Winny alifungua macho.

"Baba," alisema, "nipeleke. Nimechoka."

Zadock alitazama mtoto wake, akatazama dada yake, akatazama nyuso zilizojaa dirishani. Kisha akainama, akambeba Winny mwenyewe, malapa yakabaki sebuleni.

Gari liliwashwa. Cikuru aliingia nyuma, kichwa cha Winny mapajani. "Mama Lornah, ingia!"

Niliinua mguu. Mkono wa mtu ulinishika leso kutoka nyuma, ukaivuta kwa nguvu za mtu anayezama. Alikuwa Nuha. Nyuma yake, wanaume walikuwa wameshaacha viti.

"Mzee," nilisema, "huyu msichana twende naye."

"Haendi," Dorca alijibu kabla ya kaka yake. "Akienda yeye aliyeweka hicho kidole, mtoto wetu atapona aje?"

Zadock alinitazama kupitia dirisha la gari. "Winny akirudi akitembea, nitawaomba msamaha nyinyi wote, mbele ya watu, na mimi mwenyewe nitampeleka huyu Kisumu. Lakini sasa abaki." Akamgeukia Dorca. "Mtu asimguse mpaka nipige simu. Umenisikia? Mpaka nipige simu."

"Na simu ikiwa mbaya?" Dorca aliuliza.

Zadock alifunga kioo.

Nilikuwa na nafasi ya kupanda. Nawaambia wazi, niliitaka sana ile nafasi. Mguu wangu ulikuwa bado hewani. Lakini mimi ndiye niliyemwambia msichana huyu, ofisini kwangu, juu ya duka la viatu, kwamba Seme kuna watu wazuri. Niliuteremsha mguu. Gari likaondoka bila mimi.

Dorca alituongoza jikoni, lile jiko la nje lenye dirisha dogo la wavu. "Kaeni humu. Ni kwa usalama yenu," alisema. Nikasikia komeo likisukumwa kwa nje.

Kwa wavu niliwaona wamehamisha viti. Sasa vilitazama jiko.

"Mama Lornah," Nuha alisema, "wanataka nini na mimi?"

"Wanangoja simu tu. Mtoto atapasuliwa, atapona, tutaenda nyumbani."

"Wanasema mimi nimefanya nini?"

Unamweleza vipi mtu aliyesomea chakula, aliyetumwa kulinda chakula cha watu, kwamba anaambiwa ametia kidole cha mtu kwenye mboga? Nilimwambia wamechanganyikiwa kwa huzuni. Alitikisa kichwa taratibu. Akaokota kitambaa akaanza kupangusa meza, kwa mazoea.

"Nikitoka hapa," alisema akipangusa, "unanitafutia maabara kweli? Hata ndogo?"

"Nakutafutia," nilisema. Nililia kwa ndani.

Nje, mtu alikuwa ameleta mtungi wa mafuta ya taa akauweka kando ya tangi, karibu na yule kuku. Labda ni wa taa. Nilijiambia ni wa taa. Nilimhamisha Nuha kutoka dirishani ili asiuone.

Nilimpigia chifu, namba haikupatikana. Nilipigia polisi, mtu akapokea, akasikiliza, akasema gari lao limeenda Maseno, likirudi watakuja. Nilimpigia mama yangu, nikakata kabla hajapokea, kwa sababu ningemwambia nini?

Jua lilikuwa limeanza kuinamia maji simu ilipolia mkononi mwangu. Haikuwa ya Zadock. Ilikuwa ya Cikuru.

Dorca aliusikia mlio. Alifika dirishani kabla sijabonyeza.

"Weka kwa spika," alisema. "Sisi wote tusikie."

"Mzee alisema yeye ndiye atapiga..."

"Weka kwa spika, Lornah."

Niliweka. Nilisogeza simu karibu na wavu. Uwanja wote ukanyamaza, hata kuku.

"Mama Lornah?" Sauti ya Cikuru ilikuwa imechoka sana, na nyuma yake kulikuwa na mwangwi wa korido na mwanamume anayelia. Nilimjua anayelia. Alikuwa Zadock. "Mama Lornah, tulifika. Baganga ba hapa ni bazuri, balitupokea mbiyo mbiyo. Baba yake iko hapa, anashindwa kusema. Mutoto amelala..."

Simu ikakatika.

Nilitazama kioo. Nikapiga tena. Salio lake lilikuwa limeisha ama chaji, sijui, mwanamke wa mtandao aliniambia mteja hapatikani. Nikampigia Zadock. Ikalia, ikalia, hakupokea.

Amelala.

Kwa Cikuru, mpasuaji, mgonjwa akishapewa dawa ya usingizi amelala, na madaktari wanaingia kazini. Ndivyo alivyomaanisha. Nadhani ndivyo alivyomaanisha. Lakini kwetu, kando ya ziwa hili, mtu akipigiwa simu kutoka hospitali akaambiwa kwamba mgonjwa wake amelala, hupeleka watu kuchimba kaburi. Na Zadock alikuwa analia. Mimi mwenyewe, nikiwa nimeishika simu, nikiwa namjua Cikuru na maneno yake yote ya Kiswahili cha Kongo, sikuwa na hakika.

"Amemaanisha dawa!" nilipiga kelele dirishani. "Dorca, nisikilize, amelala kwa dawa! Ngojeni Mzee apige!"

Dorca alikuwa ameshaweka mikono kichwani. Ile sauti iliyomtoka ilipita juu ya maji, na akina mama wa kanisa wakaipokea. Viti vikaanguka. Niliona mkono wa mtu ukiinama kando ya tangi. Ulipoinuka haukuwa na kuku, ulikuwa na ule mtungi.

Nuha alinishika bega. "Nini? Daktari amesema nini?"

Sikuweza kugeuka. "Amesema Winny amelala."

Na yule msichana, nyuma yangu, akashusha pumzi ndefu aliyokuwa ameizuia mchana kutwa.

"Alhamdulillahi," alisema. Nilisikia tabasamu kwenye sauti yake. "Kulala ni vizuri, Mama Lornah. Mgonjwa akilala, anapona. Sasa wanakuja kutufungulia, sindiyo?"

Nje, mtu alianza kuvuta komeo.